Unyayo Wangu na Moto wa Bani

Kama unasoma haya ukiwa na mguu uliofungwa bendeji, na kuna daktari amekutamkia neno "kukata" huku akiangalia dirishani, vuta kiti tukae. Mimi nilitamkiwa. Ninaandika sasa kwa sababu yale mabaya yamepita na kichwa kimetulia. Wakati ule nisingeweza kuandika hata kadi ya harusi. Sitakueleza kongosho ni nini wala sukari inakwendaje kwenye damu, hayo muulize daktari wako. Nitakueleza yale ambayo hayakuandikwa kwenye kadi yangu ya kliniki. Na ukiona najisifu mahali, nivumilie. Sifa zangu nyingine nimezilipia kwa kidole cha mguu.

Mimi ni mkulima wa tumbaku hapa Kakese, nje kidogo ya Mpanda mjini. Wazazi wangu walitoka Burundi, mimi nikazaliwa kwenye makazi ya wakimbizi ya Katumba, na cheti cha uraia nilikishika mkononi nikiwa tayari nina wajukuu. Kwa hiyo ni mtu ninayeheshimu karatasi. Lakini kilichonipa jina hapa kijijini si karatasi, ni kukausha tumbaku.

Kwa asiyejua: tumbaku yetu inakaushwa kwenye bani, kijumba kirefu cha matofali kisicho na dirisha. Kuni unachochea kwa nje kwenye tanuru. Ndani, bomba linapita chini kusambaza joto, na majani yananing'inia juu kwenye fito. Moto ukipungua, jani linaoza likiwa bichi. Ukizidi, jani linakuwa jeusi na mnunuzi analipita kama hajaliona. Wengi wanatundika kipima joto ndani ya bani. Baba yangu hakuwa nacho, naye alinifundisha kusoma joto kwa unyayo. Unavua kiatu, unakanyaga udongo pale mlangoni, bomba linapopita chini yake, unaanza sala ya Bwana kimoyomoyo. Siku za mwisho, za kukausha ule mshipa mnene wa jani, ukifika nusu ya sala mguu lazima utoke wenyewe. Ukitoka kabla ya nusu, punguza kuni. Ukivuka nusu na bado umesimama, ongeza.

Nilikuwa hodari, nasema bila kuona haya. Watu walikuwa wananifuata kwa baiskeli, wananipakia, nakwenda kukanyaga kwenye mabani yao na kusema, "Ongeza gogo moja, kesho asubuhi punguza." Nilirudi na kuku amefungwa miguu. Sikuwahi kukosea kwa miaka zaidi ya ishirini.

Halafu tumbaku yangu ikaanza kuungua.

Msimu wa kwanza iliungua kidogo, nikasema ni kuni za mwaka huu, kavu mno. Msimu wa pili ikaungua zaidi. Mwanangu Onesmo, kijana wangu wa pili, ndiye aliyekuwa anachochea tanuru, mimi nasoma joto. Katikati ya msimu akaja na kipima joto alichonunua mjini kwa hela yake.

"Baba, humo ndani ni moto sana," akaniambia. "Angalia mwenyewe."

"Mimi niangalie kijiti cha kioo? Nimesimama mlangoni sasa hivi, sala imefika mwisho, wala mguu haujashtuka. Ongeza kuni."

"Baba, tutaunguza."

Nilikichukua kile kipima joto nikakitupa kwenye majani ya mihogo. Bani likaungua. Siku ya soko, pale kwenye uwanja wa chama chetu cha msingi cha wakulima, mitumba yetu, yale marobota ya tumbaku, ilipofunguliwa watu wakaanza kuguna. Mkaushaji mwenzangu mmoja akaniuliza kwa utani kama siku hizi napika kahawa. Moyo wangu ulikuwa na kiburi, sikuweza kuumeza ule utani. Nikamnyooshea kidole Onesmo, mbele ya chama kizima, nikasema, "Huyu ndiye ananiunguzia. Hana mkono wa kazi hii na hatakuwa nao."

Wiki ile Onesmo alihama, akaenda Ilembo, kule mjini, akawa anaendesha bodaboda ya mtu.

Nitarudi kwa Onesmo. Kwanza nikueleze mwili wangu ulivyokuwa, maana huenda na wako uko hivyo. Nilikuwa nakunywa maji kama ng'ombe aliyetoka safari. Suruali zilikuwa zinanishuka. Mke wangu, Mama Edita, alikuwa ametoboa tundu la tatu kwenye mkanda wangu kwa msumari uliochomwa. Nilikuwa naamka kukojoa mpaka mbwa akaacha kunibwekea. Majirani walinong'ona ule ugonjwa mwingine. Kaka yangu mkubwa alisema wakaushaji wenzangu wamenichezea, twende kwa mtaalamu Inyonga. Mimi nilisema ni uzee, nikajiona nina busara kuliko wote.

Msimu wa tatu nilikausha peke yangu. Ilikuwa asubuhi, siku ya tano ya moto. Nimesimama pale mlangoni pekupeku, nimemaliza sala, nikaanza kumwombea kila mjukuu kwa jina lake, mguu umetulia tu. Nikawa najiambia kuni hazitoshi. Mama Edita akaja na uji kwenye sufuria. Akasimama mbali.

"Baba Edita, unachoma nini?"

"Nachoma nini? Nakausha."

"Nasikia harufu ya nyama."

Akaangalia chini. "Imana yanje! Mungu wangu!" akapiga kelele, uji ukamwagika. Aliniondoa mlangoni kwa kunisukuma kifuani. Nilipoinua mguu wa kushoto, ngozi ya chini ilibaki kwenye udongo. Nami, ndugu msomaji, sikusikia chochote. Hilo ndilo lililonitia baridi, si ule moto.

Hapo ningekwenda hospitali. Sikwenda. Tumbaku ilikuwa bado bani moja na nusu. Nilipaka dawa ya mswaki, nikafunga kitambaa, nikavaa buti la mpira, nikaendelea na kazi kwa siku tisa. Kama una kidonda mguuni na hakikuumi, usikisifie kwa kutokuuma. Mimi nilikisifia.

Siku ya kumi, binti yangu Edita alikuja kutoka Majengo, mjini, anakofanya kazi ya cherehani. Alipoingia ndani hakunisalimia. Alisema, "Nani amekufa humu?" Ilikuwa ni buti langu. Tulipolivua, kidole kidogo kilikuwa cheusi na weusi umeanza kupanda. Jioni hiyohiyo nikawa nyumbani kwake Majengo, na asubuhi nikawa kwenye benchi la hospitali.

Nitakwambia kitu kuhusu benchi. Unafika bila kula kwa sababu ya kipimo. Umeketi na watu kumi na wanane wenye njaa, na mama anauza maandazi nje ya dirisha. Mara ya kwanza unaona aibu kuwa mgonjwa wa sukari, unadhani ni ugonjwa wa wakubwa wa mjini. Mara ya tatu unajua majina ya wote. Kulikuwa na mama mmoja wa Kifipa, mnene, mcheshi, kila Alhamisi alikuwa ananiwekea nafasi kwa kutandaza kanga yake. Hakuwahi kuniuliza kabila wala nilitoka wapi. Aliniuliza tu, "Sukari yako leo imeamkaje?" kama anauliza habari za mke mwenza.

Daktari wa upasuaji alisema ule mguu ukatwe chini ya goti. Alisema kwa upole. Mama Edita alianza kulia, Edita akauliza anasaini wapi, nami nikasema hakuna mtu atakayesaini. Tukagombana mbele ya wauguzi. Edita aliniambia, "Baba, unataka tukuzike na miguu miwili?" Sijawahi kuambiwa maneno makali hivyo na mtoto wangu, na alikuwa na haki.

Ndipo akaingia Daktari Sekela.

Alikuwa dada wa Mbeya, mwembamba, wa umri wa Edita, aliyekuja Mpanda kwa miezi kadhaa kufanya utafiti juu ya miguu ya wagonjwa wa kisukari. Baadaye nilikuja kujua kazi zake. Alikuwa ameshachapisha makala kwenye majarida ya madaktari, na siku moja nilimwomba anisomee vichwa vyake vya habari vyote. Kuna iliyohusu rovu, ule uvimbe wa shingo, kwa akina mama, kuna ya watoto wenye sukari, kuna ya jinsi mwili wa mtu mwenye njaa unavyotunza mafuta. Nilimwambia ana makala nyingi kuliko mimi nilizowahi kuwa na mabani, akacheka mpaka akavua miwani. Lakini siku ile ya kwanza hakucheka. Alikichunguza kidonda, akaongea na daktari wa upasuaji, wakakubaliana kungoja kidogo. Akachukua kalamu ya bluu, akachora mstari kukatiza mguu wangu pale weusi ulipoishia.

"Baba, tunakuwekea dawa, tunashusha sukari, tunakiosha kila baada ya siku moja. Weusi ukivuka huu mstari, tunakata chini ya goti, na hutabishana. Usipovuka, tutaondoa kidole tu. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

"Sasa funga macho. Nina uzi mgumu hapa. Nikikugusa unyayo wowote, sema ndiyo."

Nikafunga macho. Nikatulia. "Ndiyo," nikasema. Baada ya muda, "Ndiyo. Hapo pia. Ndiyo."

"Baba Edita," mke wangu akasema polepole, "fumbua macho."

Daktari alikuwa ameketi, mikono yote miwili mapajani. Alikuwa hajanigusa hata mara moja.

Niliona haya, kisha nikakasirika. Nikamwambia unyayo huu una heshima zake, unasoma bani kuliko vijiti vya kioo, aulize Kakese yote. Nilitaka kumnyamazisha. Badala yake akavuta kiti.

"Unasoma bani kwa unyayo? Nieleze."

Nikamweleza yote, bomba, udongo, sala. Alikuwa anaandika haraka. Halafu akaacha kuandika.

"Zamani sala ilifika wapi?"

"Nusu."

"Ni msimu gani ilianza kuvuka nusu?"

Nikaanza kuhesabu kurudi nyuma. Msimu huu nimewaombea wajukuu wote. Msimu uliopita nilifika mwisho, ndiyo siku ile Onesmo alipokuja na kipima joto. Msimu wa kabla ya huo nilivuka nusu kidogo, nikajiambia nimekuwa mgumu.

"Na tumbaku ya misimu hiyo ilikuwaje?"

Mama Edita alijibu kwa niaba yangu. "Iliungua, Daktari. Misimu yote mitatu." Halafu akageuka kuniangalia mimi, akataja jina moja tu: "Onesmo."

Nimepitia mengi, lakini kile kiti cha hospitali ndicho mahali nilipojiona mdogo kuliko kote. Nyayo zangu zilikuwa zinakufa kwa misimu mitatu, na mimi nilikuwa natumia nyayo hizo kumhukumu mwanangu.

Kilichofuata ni masika ya kuoshwa kidonda. Kila baada ya siku moja. Na aliyenipeleka ni nani? Edita alikuwa amempigia simu mdogo wake bila kuniuliza. Asubuhi ya kwanza pikipiki ikasimama mlangoni Majengo, Onesmo akiwa juu yake, na koti la mvua la ziada begani. Alinisalimia, "Shikamoo, Baba," nikaitikia, akanipakia, akanifunga mguu kwa mfuko wa nailoni usiingie matope. Hatukuongea njia nzima. Tulikwenda hivyo, bila kuongea, mara saba. Anapita polepole kwenye mashimo, ananipokea nikishuka, anakaa nje, ananirudisha. Afadhali angenitukana.

Na kila mara muuguzi akifungua bendeji, wote tunainama kuangalia mstari wa bluu. Weusi ulisogea upana wa punje ya mahindi. Ukasogea nusu punje. Mara ya nne ulikuwa unagusa wino. Mama Edita siku hiyo alishindwa kuangalia, akatoka kwenda kuhesabu bata wa watu nje ya uzio. Mara ya tano ulikuwa palepale. Mara ya sita, palepale. Mara ya saba Daktari Sekela alipiga magoti sakafuni na gauni lake jeupe, akaleta uso karibu na mguu ule unaonuka, akaangalia kwa muda mrefu. Akasema, "Umesimama, baba. Kidole tu." Nikalia. Sioni sababu ya kusema nilikuwa na vumbi machoni.

Siku ya kuondoa kidole tulikaa kwenye benchi mimi na Onesmo tukisubiri kuitwa. Nikamwambia, "Onesmo, tumbaku hukuunguza wewe."

Alikuwa anaangalia mlango. "Najua, Baba."

"Tangu lini?"

"Tangu msimu ule. Nilikuwa na kipima joto."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilisema. Ukakitupa."

Halafu nikasema, "Nisamehe, mwanangu."

"Nimeshakusamehe, Baba. Ningekuwa sijakusamehe ungekuja kwa miguu." Alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likaondoka. "Ila hukuniambia hapa kwenye benchi. Uliniambia uwanjani, chama kizima kinasikia. Mpaka leo hakuna mtu Kakese anayenikabidhi bani lake. Nikiomba kazi wananiuliza kama nimejifunza kutounguza."

Nilimwelewa. Kwa wazee wetu, ukimtia mtu doa mbele ya watu, hulifuti chumbani. Unarudi mahali palepale, mbele ya watu walewale, unataja jina lako lote, unasema nilikosea. Bila jina haihesabiki. Nikamwahidi. Wakaniita, nikaingia, nikatoka na vidole tisa.

Kiangazi kizima kilikwenda kwenye kupona. Sitakuficha, kupona kunachosha kuliko kuugua. Sikuruhusiwa kukanyagia mbele ya mguu. Fundi viatu mmoja wa Majengo alinichongea katambuga ya tairi yenye shimo pale penye kidonda ili kisiguse kitu. Daktari alimchorea kwenye karatasi, naye akamrekebisha Daktari mara mbili. Mama Edita alijifunza kunichoma sindano kwa kufanyia mazoezi kwenye nyanya. Dawa aliihifadhi kwenye mtungi mdogo uliozungushiwa mchanga mbichi, na ole wake mtoto atakayeusogelea. Ugali wangu akawa anaupima kwa bakuli la kahawia, anausawazisha juu kwa kisu kama anauza unga. Nilimnunia wiki mbili. Halafu asubuhi moja nikaona mkanda unataka kurudi tundu la pili, nikaacha kununa.

Lakini jambo ambalo hadi leo linanifanya nitembee kifua mbele ni hili. Daktari Sekela aliamua kuandika makala juu ya nyayo za wakaushaji. Aliituma kwenye jarida, ikarudi. Wakaguzi wa huko, watu wasiowahi kuona bani, waliuliza inawezekanaje udongo wa mlangoni na sala viwe kipimo. Nilipoambiwa nilipandwa na hasira kuliko yeye. "Waambie waje!"

"Hawaji, baba. Lakini mimi nitakuja."

Msimu wa kukausha ulipoanza, akaja Kakese. Alihitaji kipima joto cha bani, kile alicholeta kilikuwa cha mwili wa binadamu. Mama Edita akaingia ndani, akafungua sanduku lake la vitenge, akatoka na kipima joto cha Onesmo, kizima, kimefungwa kwenye kitambaa.

"Ulikiokota lini?" nikamuuliza.

"Siku uliyokitupa. Ulifikiri nitaacha hela ya mtoto wangu kwenye mihogo?"

Onesmo akakitundika. Tukawaita wakaushaji wenye nyayo nzima, mmoja mmoja, wakavua viatu na kukanyaga mlangoni kwangu, bila kuonyeshwa kipima joto. Daktari anaandika kila mmoja sala imefika wapi, Onesmo anamtajia joto kwa sauti ndogo. Siku tatu walifanya hivyo. Jioni ya tatu Daktari akafunga daftari na kuniangalia kwa namna ya ajabu.

"Baba yako hakukosea. Unyayo mzima unakwenda sawa na kipima joto, karibu kabisa."

Nilitamani baba yangu awe hai asikie. Nikamwona Onesmo naye anatabasamu, maana kipima joto chake kilikuwa kimeshinda na unyayo wa babu yake ulikuwa umeshinda. Aliyeshindwa ni mimi peke yangu, na siku hiyo haikuniuma.

Makala ilirudishwa mara ya pili, ikaandikwa upya, ikatumwa tena. Kidonda changu kilifunga kabla haijakubaliwa. Nilimtania kwamba nyama inaota haraka kuliko wasomi. Ilipokubaliwa alikuja nayo mwenyewe, imechapwa, kurasa tisa. Akanisomea kwa Kiswahili akiwa amekaa kwenye kigoda nyumbani kwetu. Aliandika kwamba mkulima na fundi watambue kufa ganzi kupitia kazi zao, kwamba daktari akikutana na mkaushaji aanze kumuuliza sala inafika wapi. Picha ya mguu wangu ilikuwepo, ukurasa wa nne, mzuri ajabu kwa mguu mbovu.

"Na jina langu liko wapi?"

"Halipo, baba. Umeandikwa 'mkulima mmoja mwanaume'. Tunaficha majina ya wagonjwa."

"Mimi sifichwi. Liweke."

"Hata ukikubali, hawaruhusu. Ni kukulinda."

"Daktari, mwanangu, nilisubiri karatasi yenye jina langu mpaka nikaota mvi. Na sasa nina deni la neno, halifutiki bila jina."

Nikamweleza habari ya uwanjani. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Kwenye jarida siwezi. Ila hakuna sheria inayokuzuia wewe kusema mwenyewe." Akafungua mkoba, akatoa ule uzi mgumu, akampa Onesmo na kumwonyesha jinsi ya kuutumia.

Chama kilipokutana kabla ya msimu uliofuata, nikaomba nafasi. Nilisimama pale uwanjani, palepale, nikavua katambuga, nikawaonyesha mguu wa vidole vinne. Nikataja jina langu na la baba yangu. Nikasema tumbaku ya misimu mitatu niliiunguza mimi, kwa unyayo uliokufa na kiburi kilichokuwa hai, na kwamba Onesmo aliniambia ukweli nikamfukuza. Hakuna aliyecheka.

Halafu yule mwenzangu wa utani wa kahawa akainuka, mzee mwenye mabani mawili. Nilidhani anataka kunijibu. Akakaa kwenye gunia tupu la mtumba, akavua viatu, akafunga macho.

"Kijana," akasema, "njoo unipime."

Onesmo akapiga magoti mbele yake na uzi. Wakafuata wengine, wakaketi mstari, wazee watu wazima na nyayo zao zimepasuka, macho wamefumba kama watoto wanaocheza. Onesmo anakwenda kwa magoti kutoka kwa huyu hadi kwa huyu, unasikia tu "ndiyo", "ndiyo". Kwa mzee wa kahawa alikaa muda mrefu. Uzi ulikuwa unagusa na kujikunja, unagusa na kujikunja, na mzee hasemi kitu, anangoja kuguswa.

Onesmo akamshika mguu kwa mikono miwili. "Mzee wangu, kesho asubuhi usile. Nitakuja kukuchukua kwa pikipiki."

Wazee wawili, huyo na mwenzake, walikwenda na Onesmo hospitali wiki ile, na wote wawili sukari ilikuwa juu. Wana miguu yao mpaka leo, vidole kumi kumi, wananipita. Mabani yao anayasoma Onesmo, kwa kipima joto na kwa unyayo, vyote viwili.

Zile kurasa tisa nimeziweka pamoja na cheti changu cha uraia. Zinasomwa na madaktari wa nchi nisizozijua, na humo mimi ni mkulima mmoja mwanaume. Sawa, Daktari alifanya kazi yake. Hii hapa ni yangu, na hapa hakuna wa kunificha. Naitwa Zakayo Havyarimana, mwana wa Yeremia, wa Kakese. Tumbaku niliiunguza mimi. Onesmo ni mwanangu.